Nilivyozidi kuumwa baada ya kuanza ARV

Kilichonipeleka kupima kilikuwa kinywa. Utando mweupe ulitanda ulimini ukashuka hadi kooni, na kumeza hata maji kukawa kunachoma nyuma ya kifua. Daktari alichungulia mara moja tu, akashauri nipime VVU. Nikakutwa navyo, na CD4 zangu, yaani chembe za kinga kwenye damu, zilikuwa 58. Chini ya 200, ugonjwa huhesabiwa kuwa umefika mbali, na ndipo magonjwa nyemelezi hupata mwanya.

Nilitaka ARV siku hiyohiyo. Daktari akasema hapana, kwanza tutafute kilichojificha. Wakachukua damu kuangalia kriptokokasi, fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo na ambaye huweza kuonekana kwenye damu kabla kichwa hakijaanza kuuma. Wakataka na mkojo kwa ajili ya TB. Nilishangaa, maana nilijua TB hupimwa kwa makohozi. Kumbe kinga ikishuka sana, makohozi yanaweza yasionyeshe kitu, na hata picha ya kifua ikatoka safi. Kipimo cha kriptokokasi kikatoka hasi; cha TB, chanya. Jasho la usiku na kukonda vikapata maelezo.

Dawa za TB zikatangulia, ARV zikafuata ndani ya wiki mbili. Kama TB ingekuwa kwenye utando wa ubongo ningesubiri zaidi, kwa sababu kinga ikizinduka ghafla humo, uvimbe wake unaweza kuua.

Vidonge vilikuwa vingi. Rifampisini, dawa ya TB, huifanya dolutegraviri, mojawapo ya ARV zangu, iishe mwilini upesi, kwa hiyo badala ya miligramu 50 mara moja nikawa nameza mara mbili kwa siku. Vitamini B6 ilikuwa ya kuzuia ganzi ya miguu inayoletwa na isoniazidi, dawa nyingine ya TB. Septrin ya miligramu 960 kila siku ni kinga dhidi ya nimonia ya pneumosistisi, inayoletwa na fangasi, na toksoplazma, kimelea kinachoshambulia ubongo. Na flukonazoli, dawa ya fangasi wa kinywa, ambayo niliipenda kuliko zote kwa kuwa ndiyo iliyonirudisha mezani. (Mkojo kugeuka rangi ya chungwa ni kazi ya rifampisini. Mimi niliambiwa baada ya kupata hofu.) Karibu vyote nilivimeza asubuhi, jioni kilibaki kidonge kimoja cha dolutegraviri, na hicho ndicho rahisi kusahaulika. Nikakiwekea kengele ya simu, na dada yangu akawa ananiuliza kabla hajalala.

Kisha, nilipoanza kupata hamu ya kula, tezi za shingo zikavimba na homa ikarudi kwa kishindo. Hapo nusura nitupe ARV, maana hesabu ilikuwa nyepesi: kabla yake nilikuwa napata nafuu, baada yake naumwa. Dada akanishika mkono tukarudi kliniki na vidonge vyote mfukoni.

Daktari hakukimbilia kusema ni nini. Alihakikisha kwanza kwamba nameza dawa sawasawa, kwamba TB si ile sugu, na kwamba hakuna maambukizi mengine. Ndipo akanieleza: "Kinga yako ilikuwa imelala, sasa imeamka na kuwaona wadudu waliokuwamo siku zote. Uvimbe huu ni vita yake." Nikapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa muda, na ARV zikaendelea bila kukatizwa. Tezi zilichukua wiki kadhaa kunywea, moja ikapasuka na kutoa usaha kabla haijapona. Hakuna kilichonichosha kama hicho, hata ile miezi 6 ya dawa za TB.

Rifampisini ilipoisha, niliendelea na dolutegraviri mara mbili kwa wiki mbili zaidi, hadi nguvu ya rifampisini ilipotoka mwilini, ndipo nikarudi kwenye kidonge kimoja. Virusi sasa havionekani kwenye kipimo. CD4 zimevuka 300, lakini Septrin bado naimeza. Daktari anataka zifike 350 ndipo aiondoe.