Kuala Lumpur hadi Singapore: hesabu saa kuanzia mlangoni kwako

Ndugu wanaokuja kututembelea huku Malaysia, wengi hutamani wafike na Singapore, na cha kwanza wanachouliza ni kwa ndege inachukua muda gani. Kutoka uwanja wa KLIA hadi Changi, uwanja wa Singapore, ni kilomita 300 hivi kwa mstari ulionyooka, pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Mombasa. Angani unakaa dakika 45 hivi. Ukisinzia tu, mnashuka. Tiketi itakuandikia saa moja na kidogo, maana wanahesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa kule.

Kazi iko chini. KLIA iko Sepang, zaidi ya kilomita 50 kusini mwa jiji. Treni ya KLIA Ekspres kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya jiji, ni dakika 28 hadi Terminal 1, na 33 hadi Terminal 2, ambako ndiko hupandiwa ndege nyingi za bei nafuu. Sasa mwanafunzi wa Cyberjaya ni jirani wa uwanja, lakini wa Gombak, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu, lazima avuke jiji zima kwanza. Ongeza saa mbili za kuwahi, ukaguzi, uhamiaji wa Changi, halafu treni ya kuingia mjini. Kwa hesabu yangu ni saa tano, mlango kwa mlango.

Basi kutoka stendi ya TBS linapita njia ya kilomita 350 hivi, saa tano hadi sita kama mpakani hakuna foleni. Mpakani mnashuka mara mbili: Johor Bahru mnagongewa mhuri wa kutoka, mnavuka daraja, kisha Woodlands, upande wa Singapore, mnashuka na mizigo yote. Piga picha namba ya basi kabla hujashuka, na usiache hata kimfuko kwenye kiti, kwa sababu ukichelewa kwenye foleni dereva anaweza kuondoka, ikabidi usubiri basi jingine la kampuni hiyo hiyo. Ijumaa jioni na siku za sikukuu foleni hiyo inachosha kweli. Treni ya mwendokasi iliyokuwa ikatishe umbali huu kwa dakika 90 ilifutwa mwanzoni mwa 2021, na wengi wetu tuliumia.

Kijana mwenye begi moja namshauri apande basi, katikati ya wiki. Mama au baba aliyekuja kututazama mkatie ndege, tafadhali. Miguu yake haiwezi zile ngazi za mpakani na sanduku mkononi.

Saa za nchi hizi mbili ni sawa, ila mkiendelea hadi Jakarta au Bangkok rudisheni saa moja nyuma. Na kadi ya kuwasili Singapore inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kuingia. Malaysia nao wana ya kwao, ijazeni tena kabla ya kurudi. Zote ni bure, kwa hiyo tovuti inayodai malipo achaneni nayo.