Maji ya Kwanza Baada ya Mgao

Nilipoanza kazi ya utafiti wa ubora wa maji, nilipangiwa kufuatilia mtandao wa mabomba uliopata maji kwa mgao. Rekodi za mtambo wa kusafishia maji zilikuwa nzuri, na hata sampuli za kwenye mabomba ya wateja hazikuonyesha kasoro. Hata hivyo, wakazi walilalamika kwamba kila maji yanaporudi huja na rangi na harufu, na watoto wao huharisha. Jibu walilopewa ni kuonyeshwa rekodi zilezile. Mimi naamini kwamba lalamiko linalorudiwa na watu wengi ni ushahidi unaostahili kupimwa, si kunyamazishwa.

Mwalimu aliyetusimamia aliuliza swali moja: sampuli zile zilichukuliwa saa ngapi? Tulipopekua daftari tuliona kwamba karibu zote zilichukuliwa maji yakiwa yameshatiririka kwa muda mrefu. Wapimaji hawakufanya hila yoyote, kwani walifika saa za kazi na kufuata utaratibu waliopewa. Akaamua kwamba siku ya mgao tuwe kwenye bomba kabla maji hayajafika.

Tulifika alfajiri. Nilipangusa mdomo wa bomba kwa spiriti, nikaweka tayari chupa zilizotiwa sodiamu thiosalfeti, kemikali inayozima klorini ili isiendelee kuua bakteria njiani na kutupa picha ya uongo maabara. Kwanza ilitoka hewa kwa kishindo, kisha maji ya rangi ya kahawia. Nilipotia kidonge cha kupimia klorini, maji ambayo yangepaswa kugeuka ya waridi hayakubadilika hata kidogo, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka pale mteja anapochotea pawe na angalau miligramu 0.2 za klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kwa kila lita. Tuliendelea kupima kwa vipindi. Rangi ya waridi ilianza kuonekana kwa mbali, na kadiri jua lilivyopanda ikakolea.

Maabara tulichuja mililita 100 za kila sampuli kwa utando wenye matundu ya mikromita 0.45, tukauweka juu ya chakula cha bakteria, kisha ndani ya inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, kwa nyuzi joto 44. Kesho yake utando wa maji ya kwanza ulikuwa umejaa madoa ya manjano, yakisongamana kiasi cha kutohesabika. Ule wa maji ya mwisho ulikuwa mweupe. Kila doa ni kundi la bakteria waliotokana na mmoja au wachache, na aina hiyo ni dalili ya kinyesi. Katika maji ya kunywa hatakiwi kuonekana hata mmoja.

Sababu yake inaeleweka. Valvu inapofungwa, msukumo ndani ya bomba hushuka, na ufa uliokuwa ukivujisha maji safi hugeuka mlango wa kuingizia maji machafu yaliyotuama udongoni. Maji yanaporudi kwa kasi, hubandua pia ute wa vijidudu na mashapo yaliyoganda ndani ya bomba. Kuongeza klorini mtamboni pekee hakutoshi, kwa kuwa uchafu huo huimaliza njiani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaohesabu uvujaji kuwa hasara ya mapato tu: anayeziba ufa analinda afya, na anayepanga ratiba ya mgao anaamua ubora wa maji, apende asipende.

Tulipowasilisha matokeo, kikao kilikubali ratiba ya upimaji ianze na maji ya kwanza, na wakazi waelezwe wasiyahifadhi kwa kunywa. Mhandisi wa mtandao akaomba ramani ya mabomba ili aainishe sehemu zinazopita kando ya mitaro ya majitaka, akisema ukarabati utaanzia huko.