Kabla Hujaipeleka Kamera kwa Fundi

Jumamosi moja nilikuwa nikipiga picha za harusi karibu na ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, na bibi harusi alipoanza tu kushuka garini, kamera yangu ikagoma. Kwenye kioo cha nyuma ulitokea ujumbe kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yamekatika. Mwezi uliotangulia, fundi mmoja alikuwa ameuona ujumbe uo huo akaniambia kwamba bodi ya ndani imeungua na sina budi kununua nyingine. Niliizima kamera, nikatoa betri, nikaifungua lenzi na kuvifuta vile vipande vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa nyuma yake kwa kitambaa kikavu cha kufutia miwani, kikatoka kimeshika weusi wa jasho na vumbi. Nilipoirudisha lenzi na kuizungusha hadi ikalia "tik", kamera ilifanya kazi hadi jioni. Nilichokikosa ni kule kushuka garini tu, na mama wa bibi harusi hajanisamehe.

Tangu siku hiyo siendi kwa fundi kabla sijabadilisha vitu kimoja kimoja: kwanza lenzi, kisha betri, kisha kadi. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichokuwa na kasoro.

Kadi ndiyo huwasumbua wengi. Kitazame kwanza kile kiswichi kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD, kwani kikiteleza wakati wa kuichomeka, kamera itakataa kuandika chochote. Vilevile, kamera ya zamani iliyotengenezewa kadi za SDHC, ambazo mwisho wake ni GB 32, huenda isiisome kabisa kadi ya GB 64 hata kama kadi yenyewe ni nzima. Picha zikitoweka, usipige nyingine hata moja kwenye kadi hiyo, kwa maana kufuta picha kwa kawaida huiondoa katika orodha tu, ilhali yenyewe hubaki pale pale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Niliwahi kuziokoa picha za mazishi ya Siaya kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec, lakini majina ya faili yalikuwa yamepotea yote, nikakesha nikizipanga upya.

Utepe mweusi unaotokea upande mmoja wa picha zilizopigwa kwa taa ya flashi si ugonjwa wa taa hiyo. Kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kujifunga mbele ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga wa picha), ikizidi 1/200 au 1/250 ya sekunde, kutegemea kamera, pazia hilo huwa limefunika sehemu ya sensa wakati mwanga unapomulika. Ukipunguza kasi, utepe unaondoka. Kama taa haiwaki kabisa, angalia iwapo betri zimevuja na kuacha unga kwenye springi zake, lakini usiifungue taa yenyewe hata ukiwa umetoa betri, kwa sababu kapasita yake huhifadhi umeme wa mamia ya volti.

Wenzangu wa Nakuru hulalamikia vumbi zaidi, hasa wakati wa kiangazi. Piga picha ya mbingu nyeupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo: madoa yanayobaki mahali pale pale hata ukibadilisha lenzi, basi yamo kwenye sensa. Inamishe kamera itazame chini na uyapulize kwa pampu ya mpira, wala si kwa mdomo, maana mate ni kazi nyingine.

Huku kwetu kando ya ziwa adui ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa miezi kadhaa katika mkoba wa ngozi huota kuvu ndani, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, ambazo kitambaa hakizifikii. Zangu nazihifadhi katika kontena la plastiki linalofungika barabara, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kuvu ikiota hata hivyo, hapo ndipo ninapompigia fundi simu, ingawa si yule wa bodi.