Jinsi nilivyoanza kupima athari ya visima vyetu

Visima vilikamilika kwa wakati, ndani ya bajeti, nami nikaandika kwenye ripoti: mradi umefaulu. Baadaye nikamkuta mama bado anabeba ndoo kutoka mtoni. Kisima kilikuwepo, ila kilifungwa kufuli saa zilezile anazohitaji maji. Iliniuma sana.

Vigezo 6 vya tathmini ya miradi vya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), vilivyoboreshwa 2019, vinataja athari, yaani mabadiliko yanayoletwa na mradi, kama kigezo kinachojitegemea. Tatizo letu: hatukuwa na takwimu za awali, za kabla ya kuchimba. Nikalinganisha na vijiji jirani visivyo na kisima, kwa kipimo kimoja tu, dakika za kwenda kuteka na kurudi. Sasa kipimo hicho kimo kwenye mkataba, na tunapima kabla ya kuchimba, kisha miezi 12 baada ya makabidhiano. Funguo wanashika akina mama wenyewe.