Nilivyofaulu Kuichora Drayton Hall kwa Kuhesabu Matofali

Nilipopewa zoezi la kuchora uso wa Drayton Hall, nyumba ya kale iliyo karibu na Mto Ashley, nje kidogo ya Charleston, South Carolina, nilirudi mara mbili na michoro isiyolingana kabisa na jengo lenyewe. Kilichonishinda ni ukumbi wake wa nje wa ghorofa mbili, ambao sehemu yake inachomoza mbele na sehemu nyingine imeingia ndani ya jengo, na nguzo zake ni za Kidoriki chini na za Kiioniki juu, mitindo miwili ya Wagiriki wa kale.

Safari ya tatu niliacha kukisia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi Tanga, na alizoea kukadiria kimo cha ukuta kwa kozi, yaani safu za matofali. Kuta za Drayton Hall ni za matofali yanayopokezana, moja likionyesha ubavu na la pili kichwa, kwa hiyo kozi zake zinahesabika vizuri. Kwa kuwa chokaa ya katikati haina unene mmoja, nilipima kozi 10 kwa pamoja kwa futi kamba, nikagawanya, kisha nikahesabu kutoka chini hadi kwenye paa. Nilipata kimo bila ngazi, na mchoro ukakaa sawa.

Njia hiyo ilifaa kwa sababu kuta hazijafichwa na ukarabati. Mwaka 1974, baada ya vizazi saba vya ukoo wa Drayton, nyumba iliingia katika uhifadhi, na wahifadhi wakaamua kuiacha kama walivyoipokea, vyumba vitupu, bila umeme wala mabomba ya maji. Uamuzi huo naushukuru sana. Hata umri wake umesahihishwa na nyumba yenyewe: ilidhaniwa kuwa ilikamilika mwaka 1742, lakini pete za ukuaji wa mti zinazoonekana kwenye boriti za darini zimeonyesha kwamba miti ilikatwa majira ya baridi kati ya 1747 na 1748.

Katika kuhesabu huko niliwafikiria mno watumwa, Waafrika na wazao wao, ambao jasho lao lilijenga utajiri wa John Drayton, mwenye nyumba wa kwanza. Makaburi yao yako chini ya miti katika eneo hilohilo, mengi hayana alama. Ramani niliyopewa kuambatanisha ilikuwa na nyumba, njia na mto tu. Nikayapima makaburi kwa hatua kutoka njiani, nikayachora.