Willie Dunne na Sare Iliyogeuka Aibu

Tangu nihamie Dublin nimekuwa nikienda mara kwa mara Islandbridge, kando ya mto Liffey, kwenye bustani ambayo Edwin Lutyens aliisanifu kwa kumbukumbu ya Wairishi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndani ya vibanda vyake vya mawe mna vitabu vyenye majina zaidi ya 49,000. Bustani hiyo ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha ikaachwa ichakae hadi ilipokarabatiwa na kuzinduliwa rasmi mwaka 1988.

Kwa nini nchi iwaache wafu wake hivyo? Jibu nililipata katika riwaya ya Sebastian Barry, A Long Long Way, iliyotoka mwaka 2005. Willie Dunne ni mtoto wa ofisa wa polisi wa Dublin. Kwa kuwa ufupi wake unamnyima kazi ya baba yake, anajiunga na Royal Dublin Fusiliers, kikosi cha Wairishi katika jeshi la Uingereza, wakati mwanasiasa wa Ireland John Redmond akiwahimiza Wairishi waipiganie Uingereza kwa matumaini kwamba Ireland itapewa serikali yake ya ndani. Pasaka ya 1916 inamkuta likizoni, na alipokuwa njiani kurudi vitani, anageuzwa na kupelekwa mitaani kupambana na watu anaowadhania kuwa Wajerumani. Kumbe ni Wairishi wenzake walioasi utawala wa Uingereza. Kijana mmoja miongoni mwa waasi anakata roho mbele yake, na damu yake inabaki kwenye sare ya Willie.

Hapo ndipo Barry anaponigusa zaidi, kwa sababu hamlazimishi Willie achague upande. Anamwacha amwandikie baba yake barua yenye chembe ya huruma kwa waasi, na chembe hiyo tu inatosha kumkasirisha mzee aliyekuwa akimpenda kupita kiasi. Jennifer Johnston naye, katika riwaya yake ya mwaka 1974, How Many Miles to Babylon?, anamfikisha ofisa mahali pa kumpiga risasi rafiki yake ili asiuawe na kikosi cha jeshi lao wenyewe.

Mimi nimekulia Dar es Salaam, ambako jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo hiyo, na wengi wao walizikwa bila majina. Pengine ndiyo maana Willie hanitoki moyoni. Anauawa Oktoba 1918, wiki chache kabla bunduki hazijanyamaza, na jiji alilozaliwa halimhesabu tena kuwa wake, kwa kuwa alivaa sare ya Waingereza.