Usiimbe, Dada: West Side Story Ndani ya Kibanda

Kabla Naguru, mtaa wetu wa Kampala, haijabomolewa, Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya foleni ya maji. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, jirani wa kushoto askari polisi, wa kulia alitokea Tororo, na nyuma yetu palikuwa na familia ya Arua yenye watoto wasiohesabika. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya ndani, ila mkitoka nje mnagombana kwa Kiswahili. Nyumba zile za Nakawa na Naguru zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wengi tuliozaliwa humo tulikua tukidhani ni zetu. Julai 2011 tingatinga zikaja. Familia zaidi ya elfu moja zikatafuta pa kwenda: mitaa ya Banda, Kireka, Kinawataka, na wengine wakarudi vijijini ambako watoto wao hawakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Nayataja hayo mapema, maana bila kuyajua utashangaa ilikuwaje filamu ya kuimba, yenye habari za vijana wa New York wa miaka ya hamsini, ikajaza kibanda cha video Kinawataka siku ya Jumatatu.

Aliyeitaka ni Mzee Cherehani, fundi nguo aliyekuwa akikaa blok ya pili kutoka kwetu. Miaka ya sitini, akiwa kijana anayejifunza ufundi mjini, aliiona West Side Story ya kwanza, ile ya 1961, na aliiona akiwa amevaa tai. Sinema za Kampala wakati ule mtu alizivalia. Leo ukimwuliza kijana habari za jumba la sinema la Norman atakwambia ni kanisa, na hakosei, maana watu wa Mungu walihamia humo miaka ya themanini. Mzee alikuwa akihesabu zile Oscar 10 za filamu yake kwa vidole vya mikono yote miwili, kama mtu anayehesabu watoto wake. Basi aliposikia Steven Spielberg ameitengeneza upya, na kwamba Machi 2022 mwigizaji wake mmoja, Ariana DeBose, amepata Oscar, hakutuacha tupumue. Mimi ndiye niliyemletea VJ, msimulizi wa kibanda, flashi, ikiwa Aprili, watu bado wanafurahia kutoka usiku baada ya miaka miwili ya korona.

Kwa asiyejua vibanda vyetu: ni mabati, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, na spika kubwa kuliko chumba. VJ anakaa na maiki, anapunguza sauti ya filamu, anakusimulia kinachosemwa, mara nyingi kwa Kiganda, akiongeza chumvi zake. VJ wetu naye ni mtoto wa Naguru. Jumatatu, kwa vile hakuna mpira, alikuwa akiwasha maiki kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee wa nyumbani. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000. Hakuna hata moja iliyomfikia Spielberg, na hilo siwezi kulitetea.

Filamu ikaanza. Spielberg hakuanza na vijana wanaocheza. Kamera inapita juu ya kifusi: kuta zilizobaki nusu, ngazi zinazopanda kwenda hewani, tufe la chuma la kubomolea likining'inia, na bango linalotangaza kwamba mtaa umenunuliwa usafishwe. Ni kweli tupu. Mtaa huo, San Juan Hill, ulikuwa wa watu weusi na Wapuertoriko, watu wa kisiwa cha Puerto Rico, ukavunjwa ili Lincoln Center ijengwe, jumba la opera na muziki wa matajiri.

VJ akafungua kinywa: "Jamani, hapa tuko New York, Marekani..."

"New York gani?" sauti ya mwanamke ikamkata kutoka nyuma. "Hiyo si Naguru?"

Ikawa kama mtu kafungua bomba. Huyu anasema pale ni kwa mama wa mandazi. Yule anasema la, kwa mama wa mandazi mlango ulitazama barabara, pale ni kwa fundi baiskeli. Mwingine akaiona kabisa choo ya blok yetu, na akaapa. VJ akaacha kutafsiri, akawasomea bango peke yake, polepole. Afande, jirani yetu wa kushoto, siku hizi mstaafu, akauliza, "Na hao waliahidiwa watarudishwa kwenye nyumba mpya?" Kibanda kizima kikacheka kile kicheko ambacho wageni hudhani ni cha furaha.

Ndipo vijana wa genge la Jets, la wazungu, wakatokea kwenye vifusi, wakaanza kutembea, kutembea kukawa kucheza, na sisi tukapasuka kicheko vizuri sasa.

"Hawa wanapigana au ni kwaya?"

"Genge gani linanyoosha mguu hivyo?"

Vijana wa benchi la mbele wakaanza kuwaiga, wanapiga vidole, wanarukiana. Mzee Cherehani akasimama, kofia mkononi, akawaka. Akawaambia kwamba katika ile ya kwanza vidole vilisikika kabla ya mtu kutamka neno, kwamba Jerome Robbins alitunga mchezo ule ili hasira ionekane kabla haijawa ngumi, na kwamba wao, kwa kuvaa suruali zisizofika kifundoni, hawana haki ya kumcheka mtu yeyote. Walimpigia makofi. Sidhani alishawishi hata mmoja.

Sehemu za mapenzi nazipita haraka, kwa sababu kibanda nacho kilizipita haraka. Kijana anayeigiza Tony, mtu wa Jets anayempenda Maria, alinichosha. Mrefu, mzuri, mkavu. Rachel Zegler, msichana aliyekuwa Maria, yule Mpuertoriko, ana sauti inayoweza kuinua mabati. Pale Tony anapozunguka usiku akiimba jina la msichana, VJ alifanya kazi bora ya maisha yake. "Anasema Maria," akatwambia. Kimya kidogo. "Anasema tena Maria." Kimya. "Jamani, bado ni Maria." Akaweka maiki mezani, akafungua soda.

Lakini Kihispania kilimshika pabaya. Spielberg na mwandishi wake, Tony Kushner, walikataa makusudi kuweka tafsiri chini ya maneno ya Wapuertoriko, ili Kihispania kisiwe mtumishi wa Kiingereza. VJ akageuka kunitazama. Mimi nikatazama juu. Ndani ya chumba cha Bernardo, kaka yake Maria na mkuu wa genge la Wapuertoriko, na Anita mpenzi wake, maneno yanaruka, mkono unarushwa, mtu anaambiwa jambo asilolipenda, na Shangazi yangu, dada yake baba, akajitwika kazi bila kuombwa: "Anamwambia dada yako si mtoto, mwache. Yeye anasema huyo mzungu simtaki. Haya, sasa anamwambia kula, chakula kinapoa." Hakujua neno moja la Kihispania. Ila amekaa miaka mingi ukuta kwa ukuta na watu wa Arua, ugomvi wao wote akaufuata mpaka mwisho bila kuielewa lugha, na asubuhi akajua nani wa kumpelekea chumvi. Tangu hapo VJ akawa akifika kwenye Kihispania anampelekea maiki.

Hapo ndipo pia niliona wenzangu wanabadilisha upande. Mwanzoni kila mtu alikuwa wa Jets, kwa vile ndio waliotokea kwanza kwenye kifusi. Walipoanza kuwaambia Wapuertoriko warudi kwao, mama mmoja akasema, "Kwao wapi, na wote wanavunjiwa?" Nikataka kuongeza kwamba Wapuertoriko ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Afande naye alikuwa na vita vyake. Yule luteni wa polisi anayewadharau vijana wa pande zote mbili alimuudhi hadi akawa anamjibu kwenye skrini kwa cheo: "Wewe ni ofisa au ni mbwa?"

Stima ikapotea katikati ya pambano la Bernardo na Riff, mkuu wa Jets, kisu kikiwa hewani. Kukawa na kelele, simu zikawaka tochi, kijana akatumwa kwenda kuwasha jenereta. Gizani Mzee akaona ni wakati wa kutusaidia: "Msiwe na presha, hao wote wawili watakufa." Sijawahi kusikia mtu wa umri ule akitukanwa kwa heshima kiasi kile. "Mzee wetu, kwa adabu zote, funga mdomo."

Wakafa kweli. Na baada ya kufa kwao ikaja sehemu ambayo mimi, kama ningelazimika kubaki na dakika chache tu za usiku ule, ndizo ningezichukua.

Maria yuko kazini. Ni msafishaji wa usiku kwenye duka kubwa la nguo, yeye na wanawake wenzake, na vitambaa vya kufutia na mifagio. Hajui kwamba kaka yake ameuawa, wala kwamba aliyemuua ni mpenzi wake. Anaimba kwamba ni mzuri. Anajitupia skafu za dukani, anavaa kofia isiyo yake, anacheza mbele ya vioo.

Shangazi anasafisha ofisi katika ghorofa moja mjini, zamu ya usiku. Mwanzo alikuwa akitazama kazi: "Angalia anavyoacha ndoo njiani. Msimamizi akikanyaga hapo?" Halafu akanyamaza kidogo. Kisha akasimama, akaita kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho alipokuwa akituzuia tusikimbie barabarani:

"Usiimbe, dada! Kaka yako amekufa!"

Benchi la nyuma likadaka. "Usiimbe!" Hata wale vijana wa mbele, waliokuwa wamecheka kila wimbo, wakawa wanampungia mikono: acha, acha, nenda nyumbani. Yeye anaendelea tu, anazungusha sketi. Kadiri anavyofurahi ndivyo watu wanavyozidi kupiga kelele. Mama mmoja akaziba uso kwa leso na bado anachungulia kwenye pindo. Nimewahi kusoma wanaosema wimbo ule ni mwepesi mno, haufai kuwekwa juu ya maiti. Wangekuja Kinawataka.

"Si mahali pake!" Mzee Cherehani akapiga benchi. "Kwenye filamu yetu aliuimba kabla ya pambano. Ameuharibu huyu Spielberg!"

VJ akasimamisha filamu. Ndiyo, alibonyeza, Maria akabaki amefungua mdomo, mguu mmoja juu, na mjadala ukaanza. Nikasema ninachokijua: jukwaani, West Side Story ilipoanza Broadway mwaka 1957, wimbo huo ulikuwa baada ya vifo, palepale alipouweka Spielberg. Filamu ya 1961 ndiyo iliyouhamisha. Mzee akaniangalia kana kwamba nimesema mke wake si mke wake. Nikaendelea, labda nilizidisha: Natalie Wood, Maria wake wa 1961, hakuimba mwenyewe, sauti ilikuwa ya Marni Nixon, na George Chakiris aliyekuwa Bernardo ana asili ya Ugiriki na alipakwa rangi usoni ili afanane na Mpuertoriko.

"Kumbe na wao walikuwa na VJ," VJ akasema kwenye maiki.

Mzee akakaa. Akasema tu, "Uongo ule ulikuwa mzuri." Filamu ikaendelea, na dakika chache baadaye alilipwa deni lake. Tangu mwanzo alikuwa akikunja macho kila anapotokea bibi mwenye duka la dawa, Valentina. Bibi yule alipokaa peke yake akaimba ule wimbo ambao 1961 uliimbwa na wapenzi wenyewe, Mzee akanyanyuka. "Ni yeye! Huyo ndiye Anita wangu!" Alikuwa sahihi. Ni Rita Moreno, aliyepata Oscar 1962 kwa nafasi ya Anita, ileile aliyoipatia Oscar DeBose miaka 60 baadaye. Safari hii hakuna aliyemwambia afunge mdomo. Kijana wa benchi la mbele alihama ili aone vizuri.

Nilisikia baadaye kwamba Marekani filamu ile haikujaza majumba. Iligharimu kama dola milioni 100 na dunia nzima ikarudisha kama milioni 76. Korona ilikuwa imerudi kwa nguvu, na wanaoikumbuka ya kwanza wamefikia umri wa kuogopa kikohozi cha jirani. Kwetu watu walitazama mpaka Tony alipopigwa risasi, wakatazama na majina yanayopanda, wakidhani pengine kuna kipande kingine.

Nje, kwenye meza ya rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, Afande alikuwa akipanga mashtaka: Chino, aliyempiga Tony risasi, ni kuua, Tony ni kuua, na aliyewauzia bastola naye asikosekane. Vijana walilalamika kwamba pambano lilikuwa fupi. Mzee Cherehani alimshika VJ mkono wa shati, anataka Jumatatu ijayo aonyeshe ile ya 1961 ili tujue tofauti. VJ akasema ya zamani hivyo haina wateja, labda Mzee alipie mabenchi. Mzee akatoa noti ya elfu tano palepale, akamgeukia Shangazi aliyekuwa anafunga kitambaa kichwani kwa ajili ya zamu. Akamwomba asikose.

"Kwenye hiyo yako anaimba kabla kaka yake hajafa?" Shangazi akauliza.

"Kabla kabisa."

"Basi nitakuja. Nitamwacha amalize."